Umbali wa Kope

Mwanangu wa mwisho ana tabia ya kula huku simu ameiegemeza kwenye kikombe cha chai. Jumapili moja, hapa nyumbani Athi River, nilisikia kutoka kwenye hiyo simu sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni: kamba ya uta ikiachiliwa. Si sauti kubwa. Ni kama mtu amepiga ukuta wa udongo kwa kiganja, mara moja tu. Niliacha mbaazi nilizokuwa nikichambua nikaenda kusimama nyuma yake.

Walikuwa wazungu waliovaa nguo za rangi ya majani makavu, wamebeba nyuta zenye magurudumu na nyaya, wakibishana juu ya mnyama wa kwao mwenye pembe za matawi. Mmoja alisema mtu mwenye uta mzuri anaweza kumpiga kutoka yadi sitini. Mwingine akasema hiyo ni dhambi, nusu yake inatosha. Walikuwa hata na kimashine cha kupimia. Unachungulia ndani yake kinakupa namba.

"Mathe, hawa wanabishania nini sasa?" mwanangu akacheka. "Si wapige tu."

Nikamwambia azime. Akadhani nawahurumia wanyama, akaniuliza kwani jana nyama ya mbuzi ilikuwa imeliwa na nani. Ningemwambia nini? Kwamba nimezaliwa katika nyumba ambayo neno "mbali" liliharibu jina la baba yangu, na kwamba hasira ya jambo hilo nimeibeba mpaka nimeota mvi? Angenitazama tu, halafu angerudi kwenye simu yake.

Baba yangu hakupima kwa yadi wala kwa hatua. Alipima kwa kope. Kama hujamkaribia mnyama mpaka ukamwona akipepesa macho, alisema, bado hujafika, rudisha mshale kwenye podo.

Kwetu ni Ndithini, upande wa Masinga, mahali ambapo mvua ikija inakuja kama mgeni wa kupita tu. Tulilima mahindi, kunde na mbaazi, tulienda kanisani kila Jumapili, na kama familia nyingi za kule tulikuwa na uta ukining'inia chini ya paa la ghala. Kuwinda kulikuwa kumekatazwa na serikali zamani. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza, na chifu mwenyewe akipita kwako saa ambayo sufuria inanukia, alikuwa ghafla na mafua.

Vichwa vya mishale vilipakwa ivai, ile sumu nyeusi inayonata, kisha vikazungushiwa ukanda wa ngozi ili isikauke na mtu asijikwaruze. Ukanda ulifunguliwa dakika ya mwisho. Na kila mshale ulikuwa na alama: mistari ya ukoo, ambayo hata koo za jirani ziliitambua, na chini yake alama ya mwenyewe. Ya baba ilikuwa kama unyayo wa kuku. Mnyama angeanguka popote, hata ndani ya shamba la mtu mwingine, alama ndiyo iliyosema ni wa nani. Hakuna aliyebishana nayo. Sisi watoto tuliisoma hiyo kabla ya kujua a, e, i, o, u.

Sasa, mimi nilidhani baba haoni vizuri. Haki ya Mungu, hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu kwa muda mrefu. Ningefikiri nini kingine? Wanaume wengine walitoka asubuhi wakarudi na paa begani. Baba alitoka asubuhi akarudi na magoti yaliyochubuka. Ukimwuliza, jibu lilikuwa moja: alikuwa mbali. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba vyakula vya rangi ya manjano ni dawa ya macho, basi mimi nikawa namwekea baba kipande changu cha papai. Alikila akinishukuru, na mimi nikangoja apone.

Kuna siku alikubali niende naye. Mimi nilikuwa kifungua mimba, na nilikuwa nimemsumbua vya kutosha. Tulitoka kukiwa bado na umande. Tulimwona swala dume peke yake kwenye kichaka cha chini, na kutoka hapo baba akaanza kutambaa. Sijawahi kuona mtu mzima akijidhalilisha hivyo. Alilala kifudifudi, akasogea kidogo, akangoja. Swala akiinama kula, baba anasogea. Akiinua kichwa, baba anakuwa jiwe. Mimi nilimfuata nyuma na miiba magotini, tumbo likinguruma kiasi cha kuogopa litasikika. Jua lilipanda, likatuchoma shingo. Nilimwona yule mnyama waziwazi, mbavu zake, mkia unavyofukuza nzi. Nikasema moyoni, sasa.

Baba akafungua ukanda wa ngozi, akapandisha mshale, akavuta. Akakaa hivyo. Halafu akaachia kamba polepole bila kupiga, akarudisha mshale, akasimama wima na kupiga makofi. Makofi! Swala akaruka akapotea.

Nililia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, ile ya mtoto kupiga miguu chini.

"Alikuwa mbali," baba akasema, akijikung'uta vumbi.

"Hakuwa mbali! Hata mimi ningempiga!"

"Ungemgusa. Halafu?"

"Halafu angekufa."

"Lini?"

Akachuchumaa mbele yangu. "Nduku, kamba ikilia yeye anasikia kabla mshale haujafika. Anageuka. Uliyempima ubavuni unampata tumboni. Anakimbia na mshale wako siku nzima, anafia Masinga huko, na wewe unarudi nyumbani ukisema umewinda. Umewinda nini?" Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi. Mimi nilitaka nyama. Tulirudi tukala isyo ya jana, mahindi na maharagwe, bila hata kitunguu.

Ndugu yake mdogo, baba mdogo Musau, alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Musau aliimba njiani. Musau alipiga kutoka mahali popote alipokuwa amesimama, mshale wa kwanza, wa pili, na kama mnyama bado anaonekana, wa tatu. Mara nyingi walikimbia na mishale yake, na yeye akachonga mingine huku akipiga domo. Lakini siku akipata, alipata, akapitisha mguu mmoja kwetu. Sisi watoto tulimpenda kupita kiasi. Alimtania baba mbele yetu: "Kaka yangu lazima kwanza aamkuane na swala. Habari ya nyumbani? Watoto hawajambo? Sasa naomba nikupige." Tulicheka mpaka tukaanguka, na baba naye alicheka, lakini akimwambia, "Siku moja mshale wako utakuletea maneno, Musau."

Kisha mvua zikakosa kuja. Msimu wa kwanza tukasema ni kawaida. Msimu wa pili watu wakaacha kusema. Ng'ombe wa jirani walikufa wamesimama kando ya ua. Mama alipika majani ambayo zamani tuliyang'oa tukiyatupa. Mdogo wangu Muthoka, ambaye bado alibebwa mgongoni, alilia usiku na mchana, kilio cha kuchosha ambacho kilinifanya nimchukie kidogo. Halafu siku moja akaacha. Nikafurahi sana. Nilimwambia mama, "Muthoka ameanza kuwa na adabu." Mama alinitazama, akatoka nje, akakaa huko muda.

Baba alikuwa akienda msituni kila siku na kurudi mikono mitupu. Wanyama wenyewe walikuwa wamekonda na kuwa waoga, wakisikia jani wanaruka. Hawakukubali mtu awakaribie. Usingeona kope za mnyama yeyote mwaka huo. Na baba bado alirudi akisema lile neno lake. Wakati huo nilikuwa nimeacha kuamini habari ya macho mabovu. Sikujua niamini nini, nilijua tu kwamba nina njaa na kwamba baba yangu ana kiburi fulani nisichokielewa.

Asubuhi moja, bado kuna giza kidogo, nilitoka kwenda haja ndogo nikamwona Musau chini ya ghala. Alikuwa akinyata. Akainua mkono, akatoa podo ya baba kwenye msumari, akachukua na uta, akaondoka kwa ncha za vidole. Mishale ya baba! Nilikimbia ndani nikamtikisa baba, ambaye alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Baba, amka. Baba mdogo ameiba podo."

"Lala, Nduku."

"Nimemwona!"

"Nimesema lala."

Sauti yake haikuwa ya mtu aliyetoka usingizini, lakini mtoto atajuaje? Nilidhani anaongea ndotoni. Nikalala nikiwa nimenuna, na nilipoamka sikusema tena. Siku hiyo baba hakwenda popote. Alikaa mlangoni akichonga mpini wa jembe ambao haukuhitajika. Jioni Musau akaja bila nyama, wakakaa na baba nyuma ya ghala wakinong'ona kwa muda mrefu. Podo ilirudi kwenye msumari wake. Nilidhani baba amemkaripia, nikaridhika.

Maji wakati huo tuliyatoa mtoni. Nikisema mtoni, watu wa mjini wanaona maji yakitiririka. Mimi nasema mchanga. Unachimba mchanga wa mto mkavu mpaka ufikie unyevu, unaendelea kuchimba, unangoja maji yajikusanye, unayachota kwa kata na kujaza mtungi. Kijiji kizima kilikuwa na kisima kimoja kilichobaki na maji ya maana, kimechimbwa na wanaume kwa zamu mpaka mtu akiingia haonekani. Waliweka miiba kukizunguka ili mifugo isiingie.

Kesho yake, baada ya Musau kurudi bila nyama, wanawake walirudi kutoka huko na mitungi mitupu. Mmoja alikuwa akitapika njiani. Swala alikuwa amepita kwenye miiba usiku, kwa kiu ya kufa, akatumbukia kisimani. Alikuwa ndani ya maji yale, tumbo limevimba, na mshale umesimama ubavuni nyuma kabisa, karibu na paja. Mahali pa mshale uliotoka mbali.

Kijiji chote kiliteremka mtoni. Mzee Nzioka, mkubwa wa wazee wa eneo letu, ndiye aliyeushika mshale baada ya vijana kumvuta mnyama nje. Aliufuta kwenye mchanga, akausogeza karibu na macho, kisha akautazama tena kana kwamba umemdanganya. Sisi watoto tulikuwa tumepenya mbele. Niliona unyayo wa kuku.

"Mutisya," Nzioka akamwita baba. "Huu ni wako?"

"Mshale ni wangu," baba akasema.

"Ulipiga wewe?"

"Mshale ni wangu, mzee."

"Wewe? Wewe mwenye kungoja kope?"

Na hapo mtu akacheka. Sijui ni nani, na kama ningemjua mpaka leo nisingemsalimu. Kilikuwa kicheko kikavu cha mtu mwenye kiu, kikapita kwa mwingine na mwingine, mpaka watu waliokuwa karibu kulilia maji yao wakawa wanacheka. Kumbe! Kumbe Mutisya naye! Miaka yote hiyo anatufundisha! Baba alisimama tu na mikono imelegea. Nilimtazama Musau. Alikuwa amesimama nyuma ya wanaume, akitazama vidole vya miguu yake.

Nikapiga kelele. Mtoto hasemi mbele ya wazee, na msichana ndiyo kabisa, lakini nilipiga kelele: "Si baba! Ni baba mdogo Musau! Nilimwona akichukua podo, nilimwona!"

Nzioka akainua nyusi, akamgeukia baba. Hapo ndipo baba angesema. Neno moja tu lilitosha, hata kutikisa kichwa.

"Mtoto huyu amekuwa na homa," baba akasema. "Ameota."

Sikuwa na homa. Sikuwa nimeota! Mama alinishika mkono akanivuta nyuma ya kanga yake, akanifunika mdomo kwa kiganja chake kilichonuka moshi, na nikalia humo ndani kwa hasira ambayo sidhani kama nimewahi kulia nayo tena. Baba yangu, ambaye hakuwahi kunidanganya, alikuwa amenifanya mimi mwongo mbele ya kijiji kizima, kwa ajili ya mtu ambaye hakuweza hata kuinua uso.

Desturi haikuuliza mkono ni wa nani. Mwenye alama ndiye mwenye kujibu. Walimpa baba kazi ya kukifukia kile kisima kilichooza na kuchimba kingine peke yake, na uta wake akaupeleka kwa Nzioka na haukurudi tena. Alichimba kwenye jua lile bila kula vizuri, akitoka shimoni mweupe kwa vumbi. Musau alikuja na sepetu siku ya kwanza. Baba akamwambia, "Rudi nyumbani." Nilifurahi kumsikia akisema hivyo, nikajua kumbe amemkasirikia kama mimi. Alipofikia maji, wanawake walichota bila kumwambia asante.

Shuleni nikapewa jina. Kope. Nikipita, watoto walinipepesea macho haraka haraka, wengine wakijifanya wanavuta uta huku wamefumba macho yote mawili. Niliwapiga wengine, nikapigwa na wengine. Jina la baba lilibaki hivyo hivyo kwa wakubwa: Mzee Kope. Mtu akiahidi kitu asichokitimiza, waliambiana, "Hiyo ni kope ya Mutisya." Alikuwa amejenga hilo jina kwa magoti yaliyochubuka, na sasa lilikuwa mzaha wa sokoni.

Nilimwuliza mara moja tu, nikiwa tayari nina kazi hapa mjini na ujasiri wa mtu anayejilipia nauli. "Baba, kwa nini hukusema ukweli siku ile?"

"Nilisema," akajibu. "Nilisema mshale ni wangu."

Nilitaka kuvunja kikombe. Kutoka hapo niliacha kumsalimu Musau. Akija nyumbani, naondoka. Siku ya harusi yangu alisimama ili anibariki pamoja na wazee wengine, nikapita mbele yake nikaenda kwa mwingine, na watu wakaona. Baba naye aliona, akainamisha kichwa.

Tulimzika baba mwaka jana. Mshereheshaji alikuwa kijana wa huko huko, anajua hadithi zote nusu nusu, na katikati ya kuwachangamsha watu kabla ya mahubiri akasema kwenye maikrofoni kwamba leo tunamsindikiza Mzee Kope, mtu mwema, ambaye kama sisi sote aliteleza mara moja. Hema zima likacheka kwa upendo. Kwa upendo! Niligeuka kumtazama Musau, ambaye sasa ni mzee wa mkongojo. Alikuwa akilia ndani ya leso, ameinamisha uso vile vile kama mtoni.

Nilivumilia mpaka udongo ulipojazwa. Kisha nilimfuata nyuma ya jikoni, ambako vijana walikuwa wakisugua sufuria za pilau, nikasimama mbele yake.

"Baba mdogo, maikrofoni bado iko pale. Enda useme."

"Niseme nini, Nduku?"

"Unajua. Usinifanye nirudie."

Alitafuta kiti, akakosa, akaegemea mkongojo. "Alinikataza."

"Amekufa sasa."

"Ndiyo maana. Saa hizi hawezi kuniruhusu tena."

Nikamwambia mambo ambayo sitayaandika, kwa sauti ambayo iliwafanya wale vijana waache kusugua. Nikamwita mwizi. Hapo ndipo akainua uso, labda kwa mara ya kwanza tangu niwe mtoto.

"Mimi sikuiba podo," akasema. "Alinipa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuja kwangu, akasema podo iko pale pale, nitoke mapema watoto wakiwa wamelala. Mishale yangu ilikuwa imekwisha ivai, unajua ilikuwa ngumu kupata wakati ule. Yake ilikuwa mizuri. Akasema, nisimngoje mnyama akaribie. Nikamwuliza, hata mbali? Nilidhani ananijaribu. Akasema, hata mbali. Nikamwuliza tena. Akanifokea, Nduku. Kaka yangu hakuwa ananifokea."

"Unamsingizia maiti."

"Basi muulize mama yako."

Mama alikuwa ndani, kwenye godoro lililotandikwa sebuleni, amezungukwa na wanawake wa kanisa. Niliwaomba watupishe. Walinitazama vibaya, lakini wakatoka. Kupitia dirishani nilimwona Muthoka, jitu la mtu siku hizi, akielekeza magari ya wageni kwa mikono mirefu na kucheka na kila mtu.

"Baba mdogo anasema baba ndiye alimtuma," nikasema.

"Eh."

"Eh nini, mama?"

"Alimtuma."

Nilikaa chini. "Na ulijua? Pale mtoni, ukinifunika mdomo, ulikuwa unajua?"

Alivuta shuka magotini akalinyoosha. "Muthoka alikuwa ameacha kulia," akasema. "Wewe ulifurahi. Mtoto wa njaa akilia, unajua bado anataka kitu. Yeye alikuwa ananitazama tu. Usiku huo nilimwambia baba yako, wewe shika hiyo heshima yako ya msituni, mimi nitashika maiti ya mtoto. Nilimwambia kama mkono wako hauwezi, kuna mkono wa Musau. Nikadhani amekataa. Halafu akavaa viatu akaenda."

"Na hata nyama hatukula."

"Hatukula. Mahindi ya msaada yalikuja baadaye, yale ya manjano. Ndiyo yaliyomwokoa."

"Lakini kwa nini aniite mimi mwongo? Mbele ya watu wote!"

"Angesema nini? Ungetaka aseme ni Musau, na Musau alikwenda kwa sababu alitumwa? Ama aseme ni mimi?" Sauti yake haikutetemeka. "Alisema mshale ni wake kwa sababu ulikuwa wake. Hakuongeza, hakupunguza. Ni wewe tu ulikuwa umebaki nje, na ulikuwa mtoto."

"Niliacha kuwa mtoto zamani, mama! Mngeniambia! Nimemkataa huyo mzee siku ya harusi yangu!"

"Nilimwambia baba yako akwambie. Alisema utaniona mimi vibaya." Akanitazama. "Nduku, umetafuta mtu wa kumkasirikia maisha yako yote. Musau si yeye, na baba yako tumemfukia sasa hivi. Mimi ndiye niliyesema. Nikasirikie mimi, niko hapa bado."

Nilidhani nitamkumbatia. Katika hadithi za watu wengine, hapo ndipo mtu hukumbatia mama yake. Sikuweza. Nilivua viatu, nikapanda godoroni, nikakaa bega kwa bega naye nikiwa nimemkasirikia sana, na wanawake wa kanisa waliporudi na chai walitukuta hivyo, tukangoja wageni waishe.